KIJANA, INJINI YAKO INAVUJA! PRESHA INATOKA WAPI?

Kijana, simama kidogo! Karatasi hii haikuombi hela wala kura. Umepewa hapa uwanjani, na najua unataka kuifungia karanga. Sawa, ifungie, lakini isome kwanza.

Nasema na wewe unayeshinda stendi ya Kayanga ukiita abiria wa Omurushaka. Nasema na wewe tandiboi wa Fuso la ndizi kule Nkwenda. Na wewe uliyeacha shule ukashika spana chini ya mparachichi, na sasa watu wanakuita fundi ingawa moyoni unajua bado hujawa. Hata wewe wa pikipiki pale Murongo, usijitoe, maana pikipiki nayo ina injini na injini yake inakunywa oili.

Nina swali moja tu. Ukiona oili imedondoka chini ya gari, unaangalia wapi? Unaangalia pale inapodondokea! Unanunua sili, unanunua silikoni, unapaka, unafunga. Baada ya wiki mbili inadondoka tena. Kwa nini? Kwa sababu umeuliza oili inatokea wapi, hukuuliza NI NANI ANAYEISUKUMA.

(Usidhani nataka kukuletea habari za wale wanawali kumi na taa zao. Sisi wahubiri tunaipenda sana hiyo. Leo nasema oili yenyewe, ile ya kwenye dumu.)

USHUHUDA WANGU

Mwaka 2009 nilikuwa tandiboi. Siku zile Kyerwa haijawa wilaya, yote ilikuwa Karagwe mpaka mwaka 2012 walipoigawa. Gari letu lilikuwa Hilux ya dizeli, mali ya mzee mmoja wa Nkwenda. Tulibeba kahawa wakati wa msimu, ndizi wakati wote, na watu siku yoyote. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, unapanda mlima, unashuka, unapanda tena.

Gari lilikuwa linavuja oili nyuma, pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi akasema ni sili ya nyuma. Sasa wewe unayejua kazi hii unajua sili ya nyuma maana yake nini. Unashusha gia boksi, unatoa klachi, unatoa flaiwili, siku nzima uko mgongoni chini ya gari. Akabadilisha. Baada ya wiki mbili, inavuja! Akabadilisha mara ya pili. Inavuja! Mara ya tatu akasema, "Basi tuweke oili nzito, itajiziba yenyewe." Tukachanganya na oili ya gia boksi humo humo. Usicheke, na wewe umeshafanya.

Lakini siri ilikuwa kwangu. Miezi miwili kabla ya hapo, lile bomba la mpira linalotoka juu ya injini kwenda kwenye njia ya hewa lilikatika. Likawa linatoa moshi na vitone vya oili. Moshi ukaingia mbele, akina mama wakakohoa, dereva akanigombeza. Nikachukua gunzi la hindi, nikalizungushia tambara, nikaziba lile bomba kwa nguvu zangu zote. Moshi ukaisha! Dereva akanisifu. Nami nikajiona mtaalamu. Sikumwambia mtu.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba, tukaamshwa. Kuna mama mjamzito, uchungu umemzidi. Mumewe na mama mkwe wakapanda nyuma pamoja nami, na vijana wawili wa jirani, tukaelekea hospitali ya Nyakahanga. Kwenye mlima mrefu taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva akasema, "Waya huo, unacheza." Tulipofika pa tambarare ikazimika kweli. Mlima wa pili ikawaka, na mara hii haikuzimika. Dereva akapiga dashibodi kwa kiganja, akaendelea kukanyaga mafuta. Tukasikia mlio kama nyundo, ko-ko-ko-ko, halafu kimya. Injini imekamata.

Yule mama mkwe akanishika mkono gizani akaniambia, "Mwanangu, fanya kitu." Nifanye nini? Mimi kazi yangu ilikuwa kupandisha mizigo! Tukamlaza mgonjwa kwenye blanketi, tukambeba kwa zamu, mpaka alfajiri tulipokutana na lori. Mungu alimhifadhi mama. Mtoto hakupona. Sitaandika zaidi ya hapo.

"NANI AMEZIBA PUA?"

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi mmoja mzee, Omurushaka. Akafungua boneti. Wote tulitegemea aende kwenye sili ya nyuma, kwa kuwa ndiyo tuliyomwimbia tangu tulipofika. Yeye akatazama juu. Akaliona gunzi. Akalichomoa, akalinusa, akatugeukia akasema, "Nani ameziba pua ya injini?"

Watu wakanyamaza. Nami nikanyamaza.

Kijana, hapa ndipo nataka tuelewane. Ndani ya injini kuna presha MBILI, na wengi wetu tunazichanganya kama nilivyochanganya.

Ya kwanza ni ya pampu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye sampo, inaisukuma kupitia filta, inaipeleka kwenye beringi za krankishafti, kwenye kemshafti na tapeti, kisha oili inarudi chini yenyewe. Hiyo ndiyo inayosomwa na geji. Hiyo ndiyo inayowasha ile taa nyekundu ikipungua.

Ya pili ni ya hewa. Kila mara mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, moshi kidogo unapenya pembeni ya ringi unashuka kwenye sampo. Hata injini mpya inafanya hivyo. Moshi huo lazima utoke, na ndiyo kazi ya lile bomba la kupumulia nililoliziba. Ukiliziba, moshi unajaa ndani, unatafuta mahali palipo dhaifu. Sili ya krankishafti ni mdomo wa mpira tu unaofuta oili isitoke nje. Haikutengenezwa kuzuia presha. Basi moshi unausukuma ule mdomo, na oili inatoka nao. Weka sili mpya leo, weka mpya kesho, itasukumwa tu. Fundi wetu alibadilisha sili mbili nzima zisizo na kosa!

UKIWA NA WASIWASI NA PRESHA YA PAMPU

Watu wengi wanaogopa presha ikishuka, na wanafanya vizuri. Lakini ikipanda wanafurahi. Nimemsikia dereva wa lori akijivuna kwamba sindano ya geji yake iko juu kabisa, "injini bado nzima!" Bwana wewe, sindano ikikaa juu kabisa hata injini ikiwa moto, huo ni ugonjwa. Na ile taa nyekundu haitakuambia kitu, maana yenyewe inawaka presha ikiwa chini tu. Presha ikizidi, taa inanyamaza mpaka mpira wa filta unatemwa nje na oili yote inamwagika barabarani.

Jambo la kwanza, usiiamini geji ya dashibodi. Mara nyingi kinachodanganya ni swichi au waya. Fungua swichi ya oili kwenye bloku, funga pale geji ya mkono yenye bomba lake. Washa injini, iache ipate moto wake wa kawaida, ndipo usome. Kwa injini nyingi za Toyota, kitabu kinasema ikiwa sailensa isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya kilo 2.5 na 6.0. Kama geji yako inasoma PSI, hiyo ni kama 36 mpaka 85. Injini ya aina nyingine ina namba zake, tafuta kitabu chake, usikisie.

Ukipima asubuhi, injini baridi, utashtuka bure. Kayanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba wewe mwenyewe unatoka na koti. Oili nayo inasikia baridi! Inakuwa nzito kama asali, pampu inaisukuma kwa shida, sindano inapanda. Injini ikipata moto, sindano inashuka yenyewe. Hapo hakuna ugonjwa.

Lakini kama injini ina moto na sindano bado iko juu, uliza mambo matatu. Oili gani imo ndani? Soma dumu: 20W-50 maana yake namba yenye W ni tabia yake kwenye baridi, na ile ya pili ni uzito wake kwenye joto la nyuzi 100. Kama kitabu kinataka 10W-30 na wewe umeweka nzito kuliko hiyo kwa sababu "gari ni la zamani", anza kwa kuimwaga, weka inayotakiwa, upime tena. Usichanganye na ya gia boksi! Pili, kuna valvu ndogo ya kupunguzia presha, yenye springi, mara nyingi iko kwenye pampu au karibu yake. Presha ikizidi inafunguka, oili inarudi. Uchafu au kutu ukiikamatisha ikiwa imefunga, presha haina pa kwenda. Itoe, isafishe, itembee yenyewe kwa kidole. Kama ina mikwaruzo, badilisha. Na usiweke vipande vya waya nyuma ya springi kuongeza nguvu, kama nilivyoona kwa macho yangu!

La tatu ndilo linalonitisha. Njia za oili zikizibwa na tope, yaani oili iliyokaa miezi na miezi bila kubadilishwa mpaka ikawa kama lami, geji inaweza kusoma juu huku tapeti zinalia njaa. Presha ipo, oili haifiki! Fungua kifuniko cha tapeti utazame. Ukikuta tope jeusi limeganda kwenye kona, umepata jibu, na jibu hilo halina mkato. Ni kufungua na kusafisha.

Kuhusu filta nitasema moja tu. Ukitoa filta ya zamani, hakikisha mpira wake umetoka nao. Mara nyingine unabaki umeganda kwenye bloku, unafunga filta mpya juu yake, mipira miwili. Haitavuja pale gereji. Itatema oili yote ukiwa umeshafika Kihanga.

UKIWA NA WASIWASI NA PRESHA YA HEWA

Hapa huhitaji hela wala kifaa. Washa injini, iache kwenye sailensa, kunja mikono ya shati na uangalie mikanda na feni. Fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha kiweke kichwa chini juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikicheza kidogo, ni kawaida. Kikirushwa, au moshi ukatoka kwa kufukuta kama mzee anayevuta kiko, ujue ndani kumejaa. Dalili nyingine ni ile ya kijiti cha kupimia oili kujichomoa chenyewe njiani, na watu wanakifunga kwa mpira wa baiskeli! Ndugu yangu, injini inakuambia, na wewe unaifunga mdomo.

Kabla hujasema ringi zimekwisha, toa lile bomba la kupumulia. Lipulize kwa mdomo kutoka upande ulio safi. Halipitishi? Lioshe kwa mafuta ya taa, lichokonoe, na kama lina valvu yake ndani hakikisha nayo inapitisha. Rudisha upime tena. Wengi wataponea hapo, bila kununua hata sili moja. Kama bomba ni zima na bado moshi unafukuta, hapo ndipo unapima kompresheni, maana moshi unapita kwenye ringi na silinda zilizochakaa, na sili mpya haitakusaidia mpaka hizo zishughulikiwe.

KUTAFUTA MAHALI INAPOVUJA

Injini iliyopakaa oili kila mahali haiwezi kukuambia kitu. Ioshe kwanza, ikauke. Nyunyiza unga wa muhogo kidogo au poda ya mtoto mahali unapohisi. Tandika boksi la karatasi chini, liache usiku kucha. Endesha kidogo, urudi uangalie unga umelowa wapi kwanza. Kumbuka oili inashuka, na upepo wa gari unairudisha nyuma. Kwa hiyo anza kutazama juu na mbele, usianze pale tone lilipo. Mara ngapi tone la kwenye sampo limetoka kwenye kifuniko cha tapeti! Watu wa mjini hawana msaada mmoja tulionao sisi, yaani vumbi letu jekundu. Linaganda pale penye unyevu. Mstari wa tope jekundu ukiufuata kwenda juu, unakupeleka mpaka kwenye chanzo.

Angalia pia unachokiona ni nini. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Nyekundu nyembamba ni ya gia boksi ya otomatiki au ya usukani. Ya difu na gia boksi ya kawaida ni nzito na inanuka vibaya. Ya breki ni nyembamba, na hiyo ukiiona gari lisitoke hapo lilipo.

Kwa wenye Hilux na Hiace za dizeli za zamani nina neno la pekee. Nyuma ya olteneta kuna pampu ndogo ya vakyumu ya breki, na inalainishwa na oili ya injini kwa mabomba ya mpira. Mabomba yale yakizeeka yanavuja, oili inaingia kwenye olteneta, betri haichaji, na baadaye pampu ikikosa oili inakufa, unakanyaga breki ngumu kama jiwe huku unashuka mlima. Watu wanabadilisha betri! Kumbe ni mpira wa urefu wa kiganja.

TAA NYEKUNDU

Sasa unaelewa kwa nini taa yetu iliwaka mlimani ikazimika pa tambarare. Oili ilikuwa imebaki kidogo. Tulipopanda, ikakimbilia nyuma ya sampo, pampu ikavuta hewa. Tulipokaa sawa, ikarudi. Haikuwa waya. Ile taa ilitusemesha mara mbili, na sisi tukaipiga kofi.

Taa hiyo ikiwaka injini ikiwa inatembea, ZIMA. Usiseme nifike pale dukani. Weka gari pembeni, mahali pa tambarare, subiri dakika kumi oili ishuke, toa kijiti, futa, rudisha, toa tena, soma. Ikiwa chini, jaza kwanza kabla ya kuwasha. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiwashe tena mpaka geji ya mkono ipime. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani ndiyo usalama. Krankishafti itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi.

Kuna jambo limo moyoni. Wapo vijana wanaoosha injini kwa sabuni asubuhi ya siku ya kuuza gari. Wanaweka oili nzito ili isilie, wanafungua waya wa taa ili isiwake, wanamwambia mnunuzi, "Waitu, gari hili halijawahi kuguswa." Mnunuzi ni mzee ameuza kahawa ya misimu miwili. Kijana, Mungu anaona mpaka chini ya sampo. Na ukitaka kununua wewe, usikubali kuonyeshwa gari lenye injini iliyokwisha pata moto. Sema unakuja alfajiri, uliwashe mwenyewe likiwa baridi. Fungua swichi, kabla hujawasha, taa nyekundu lazima iwake. Isipowaka, mtu ameigusa.

Nami nilikuwa kundi hilo hilo, tofauti ni gunzi tu. Siku tatu nilinyamaza. Mzee mwenye gari aliuza ng'ombe wawili ili krankishafti isagwe na beringi zinunuliwe. Dereva akalaumiwa, fundi wa kwanza akalaumiwa, na yule mume wa mgonjwa akapita pale gereji akatusalimia wote kwa heshima, hata mimi. Hapo nikashindwa. Nikaenda kwa mzee jioni, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mzee. Gunzi ni langu."

Alikaa muda mrefu hasemi. Kisha akaniuliza kama nilijua lile bomba linafanya kazi gani. Nikasema sikujua. Akasema, "Basi kesho nenda kwa yule fundi wa Omurushaka, ukae hapo mpaka ujue."

Nilikaa miezi minane bila mshahara, nalala kwenye stoo ya spea. Kazi niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa kuosha mabomba ya kupumulia kwa mafuta ya taa, la kila gari lililoingia, liwe linavuja au halivuji.